Miwani Moja kwa Watu Watatu

Kifurushi kilifika Ijumaa moja ya Oktoba 2010, nacho kilikuwa kidogo kuliko tulivyokifikiria. Wiki tano tulikuwa tukikingoja. Kila jioni aliyetangulia kutoka kazini alipitia kwanza sanduku la barua, na sisi tuliomo ndani tuliposikia kifuniko chake cha bati kikijifunga tulinyamaza tusikilize hatua ngazini. Akipanda polepole, hakijaja. Siku ile alipanda mbio.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya kupanga mjini Columbus, Ohio. Mimi ni mtu wa Tanga, na wakati huo nilikuwa nikisomea ufundi wa elektroniki katika chuo kimoja cha pale. Wa pili alikuwa kijana wa Mombasa, mchana anasoma uhasibu, usiku anapanga mizigo ghalani. Wa tatu, mkubwa wetu, alitoka Bukavu, akapitia kambi za wakimbizi katika nchi mbili kabla ya kufika Marekani. Tulimwita Kaka, na Jumapili yeye ndiye aliyetupikia sombe.

Wazo la leza lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu hao wawili hawajawahi kulisema, hata baada ya yaliyotokea. Kuna mwanafunzi alikuja nayo darasani, akaiwasha, na njiti ya kiberiti iliyosimamishwa hatua tatu mbele yake ikashika moto pasipo kuguswa na mtu. Nilirudi nyumbani nikawasimulia wenzangu mpaka chakula kikapoa.

Mwaka ule leza ilikuwa imetimiza miaka 50. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza huko Malibu, California, Mei 1960, kwa kijiti cha yakuti kilichozungukwa na taa ya mmweko. Kwa muda mrefu baadaye, mtu aliyetaka mwale wa buluu wenye nguvu ya wati nzima alihitaji mashine ya mezani na pesa za taasisi. Halafu Januari 2010 Casio wakaonyesha projekta isiyotumia taa ya zebaki. Ndani yake mlikuwa na diodi 24 za leza ya buluu, za nanomita 445, kila moja ikiweza kutoa wati moja au karibu yake. Wapenda ufundi hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Walinunua projekta mpya kabisa, wakazifungua, wakachomoa diodi zote, wakaanza kuuziana mojamoja. Mwenye lathe alichonga bomba la alumini la kushikia na kupozea joto, akaweka kisakiti cha kuendeshea na lenzi ya kukusanyia mwanga, na kitu kilichokuwa cha maabara kikawa cha kubebwa mkononi kama tochi.

Tuliinunua kwa fundi wa namna hiyo, mtu aliyezitengeneza gerejini kwake. Alitutaja bei ya dola 210, na katika barua pepe yake ya pili akauliza mtatumia watu wangapi, kwani kila mtu atakayekuwa chumbani anahitaji miwani yake ya kinga, na miwani ni dola 40. Tulikaa mezani tukapiga hesabu. Leza tuligawana sabini sabini. Miwani tatu zingekuwa dola 120 zaidi, na mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, kodi haijalipwa, na Kaka alikuwa na watoto wa dada yake wa kuwatumia ada. Tukaagiza moja. Tulikubaliana kwamba anayeshika leza ndiye atakayevaa, na wengine watatazama pembeni.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na bomba jeusi lenye urefu wa kiganja na nusu, zito, lenye ubaridi wa chuma cha asubuhi. Betri mbili za lithiamu, za ile aina nene iliyokuwa ikitumika kwenye kompyuta za mapajani. Chaja. Miwani ya plastiki ya rangi ya chungwa iliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni mawimbi inayoyazuia. Na kibandiko cha njano kwenye bomba: Daraja la 4. Leza hupangwa kwa madaraja kwa kadiri zinavyoweza kudhuru. Ya kuonyeshea ubaoni haitakiwi kupita miliwati 5. Ikishavuka miliwati 500 inaingia daraja la 4, na juu ya hilo hakuna jingine. Nilimsomea mwenzangu wa Mombasa kibandiko kile kwa fahari.

Kabla ya kuichezea niliipeleka chuoni ikapimwe. Hilo nililifanya sawa. Mzee msimamizi wa maabara alikuwa na kipimo cha joto, kisahani cheusi kama sarafu kinachopokea mwale na kugeuza joto lake kuwa volti. Sekunde za mwanzo kilisoma miliwati 870. Tuliiacha ikiwaka dakika moja, ikashuka hadi 790, maana diodi ikipata joto hulegea. Mzee aliandika namba zote mbili kwenye karatasi, akazima, akavua miwani yake.

“Mko wangapi nyumbani?” akaniuliza.

“Watatu.”

“Na miwani mnayo?”

Nikamjibu tunayo. Kwa Kiingereza miwani hutajwa kwa wingi hata ikiwa moja, na mimi niliyefika nchi ile na Kiingereza cha shule nilijua vizuri kabisa pale ninachokifanya. Alisikia kila mtu ana yake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanirudishia bomba langu.

Jioni ile tuliwasha kila kinachowaka. Wanunuzi wengine wa leza zile niliokuja kukutana nao baadaye walipitia mambo yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule: kwanza kiberiti, halafu tepu nyeusi ya umeme inayotoa moshi na harufu mbaya, halafu mfuko mweusi wa taka, halafu karatasi. Karatasi nyeupe ilitushangaza kwa sababu haikuungua. Mwale uliipiga, ukatawanyika, chumba kizima kikawa cha buluu, karatasi ikabaki kama ilivyo. Nikachora nukta kwa kalamu ya wino mzito, nikaielekeza palepale, ikatoboka mara moja. Mwanga usipofyonzwa haufanyi kazi yoyote. Unapita au unarudi.

Kaka ndiye aliyetuonyesha hilo vizuri zaidi, na tangu siku ile sijalisahau. Aliona mahali fulani jaribio la maputo mawili: puto jeusi hupulizwa likiwa ndani ya puto lisilo na rangi. Tulihangaika nusu saa kuyafunga. Nilipolielekezea mwale, puto jeusi lilipasuka ndani kwa kishindo, na lile la nje likabaki vilevile, limejaa, zima, vipande vyeusi vikiwa tumboni mwake. Tulipiga makofi. Tulilirudia mara mbili. Mwenzangu wa Mombasa alilishika lile puto la nje akaligeuzageuza akitafuta tundu, hakuliona.

Usiku wa pili tulitoka uani. Mwale wa leza ile gizani ulikuwa uzi ulionyooka toka mkononi mwangu hadi mawinguni, na vumbi lote la hewani likipita ndani yake linameta. Nilitaka kuuona ukigusa wingu. Taa za ndege zikatokea upande wa mashariki, ndege ikishuka kuelekea uwanjani, na mimi sikuzima. Sikuilenga, lakini sikuzima. Mwenzangu wa Mombasa alinishika kifundo cha mkono akakishusha chini bila kusema neno. Mwaka ule mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipokea taarifa 2,836 za ndege kupigwa na leza. Mwaka 2023 zilifika 13,304. Tangu Februari 2012, kulenga ndege kwa leza ni kosa la jinai la serikali ya shirikisho, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Rubani anayetua usiku akipigwa na mwale hata wa mbali, kioo chote cha mbele hugeuka ukuta wa mwanga. Yule kijana hakuwa na habari za sheria yoyote. Alijua tu kwamba ndani ya ndege mna watu.

Naeleza hayo ili ieleweke ni nani aliyeumia.

Usiku wa tatu, Jumapili, tulikuwa gerejini. Nje kulikuwa na baridi, tumefunga mlango. Nilikuwa nimevaa miwani na kushika leza, naandika jina la Tanga kwenye ubao uliopakwa rangi nyeusi, nikiunguza herufi mojamoja. Kaka alikuwa karibu na mlango. Mwenzangu wa Mombasa alikaa kwenye kreti nyuma ya bega langu la kushoto, mahali tulipoamini ni salama, maana mwale unakwenda mbele. Nilimaliza herufi ya mwisho, nikageuka kumwonyesha, na kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Mwale ulipita juu ya kioo cha dirisha. Sidhani ulikaa hapo hata sehemu ya kumi ya sekunde.

Akasema “Ah,” akafikicha jicho la kulia. Nikamuuliza vipi. “Hapana kitu,” akasema, “endelea.” Tukaendelea. Nusu saa nzima tuliendelea. Kaka hata akasema kwamba leza ile ni taa ya kupoa tu, haichomi macho kama ile ya kijani aliyowahi kuiona. Na mimi mwenye kusoma elektroniki nilimkubalia.

Asubuhi mwenzangu alikuwa jikoni na gazeti. Alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja na kulisogeza gazeti huku na huku. Aliniambia kuna doa, la kijivu, dogo, liko katikati, na kila anapolitazama neno herufi mbili zinaliwa. “Sahani,” akasema, “naona sa, kisha hakuna kitu, kisha ni.” Alilisema kwa utulivu kana kwamba ananieleza kosa la uchapaji. Hakuwa na maumivu yoyote. Ndiyo maana alikuwa amelala usingizi wake wote.

Daktari wa macho alimpiga picha ya tabaka za ndani ya jicho, akatugeuzia kompyuta tuone. Mistari ya retina ilikuwa imelala sawasawa kama matandiko, na karibu na katikati palikuwa na mahali palipokatika. Alitueleza kwamba mwanga unaoonekana hupita kwenye sehemu za mbele za jicho pasipo kuzidhuru, kwa kuwa hazina rangi ya kuufyonza. Lenzi huukusanya kwenye nukta ndogo sana nyuma, ukaongezeka ukali kiasi cha mara laki moja, na huko nyuma kuna tabaka jeusi linaloufyonza. Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, “Puto.” Daktari hakumwelewa. Sisi tulimwelewa.

Retina haina mishipa ya maumivu. Jambo hili nimekuja kuliona zito kuliko mengine yote. Mkono ukigusa jiko la moto unajitoa wenyewe kabla hujafikiri. Ngozi ya kidole changu iliwahi kupitiwa na mwale ule nikaruka. Jicho huungua kimya, na mwenye jicho husema endelea. Tumezoea kupima hatari kwa maumivu tangu utotoni, na kifaa kile kilipiga mahali ambapo kipimo chetu hakifiki.

Nilirudi chumbani nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kulipa. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake. Asilimia 4 ya miliwati 870 ni kama miliwati 35. Hiyo ni mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa kwa leza ya ubaoni, imerudi kutoka kwenye kioo cha kuona nje, ikamwendea mtu aliyekaa nyuma ya mwale. Kope hufumba baada ya robo sekunde hivi, na robo sekunde ni muda mrefu sana kwa nguvu ile. Miwani niliyokuwa nimevaa ilipunguza mwanga wa nanomita 445 mara elfu kumi. Mimi ningeweza kulitazama dirisha lile bila kupata chochote.

Nikahesabu pia ile “taa ya kupoa” ya Kaka. Jicho la mwanadamu linaona kijani vizuri mno na buluu ya namna ile hafifu mno. Nukta mbili zikiwa na nguvu sawa, ya kijani ya nanomita 532 inang'aa kwetu kiasi cha mara 30 kuliko ya buluu ya 445. Kwa hiyo tulichokiona kuwa ni upole wa leza yetu kilikuwa ni upungufu wa macho yetu.

Doa lilipungua kwa miezi, halafu likaacha kupungua. Mwenzangu alimaliza uhasibu. Mwili una namna yake ya kuzoea: alianza kuinamisha kichwa kidogo kushoto anaposoma, ili herufi ziangukie pembeni mwa doa, na mtu asiyemjua angedhani anafikiri sana. Hajanilaumu. Niliwahi kumwomba msamaha jikoni, akaniambia tuliagiza moja sote watatu. Ni kweli, lakini aliyeulizwa na mzee wa maabara nilikuwa mimi.

Bomba lile nililipeleka kwa yule mzee. Nilimweleza yote, hata jibu langu la kwanza. Hakunigombeza. Alilifungia kabatini, akaanzisha desturi ya kuwaomba wanafunzi waje na miwani zao waziweke mezani, azihesabu kwa kidole, kisha ahesabu watu.

Nilirejea Tanga mwaka 2014, nikawa mwalimu wa ufundi. Leza zilikwishafika kabla yangu. Madukani zinauzwa za kijani, nene, zenye kofia ya kutawanya nukta, nyingine zina ufunguo mdogo, nyingi zimeandikwa chini ya miliwati 5. Nilinunua moja Dar es Salaam nikaipima: 48. Sikushangaa sana. Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani walitangaza mwaka 2013 kwamba katika leza 122 za mkononi walizopima, karibu asilimia 90 ya za kijani zilivuka masharti ya usalama, na za nyekundu asilimia 44. Za kijani zina tatizo lao la peke yake. Kijani chake huzaliwa kutoka kwenye mwanga usioonekana: diodi ya nanomita 808 huchochea fuwele itoe nanomita 1064, na fuwele nyingine hukata urefu huo wa wimbi nusu, ukawa 532. Anayetengeneza kwa bei ya chini huacha kichujio, na mwanga ule usioonekana ukatoka pamoja na kijani. Kope haziwezi kukwepa kisichoonekana.

Usiku wa 29 Machi 2022 nilikuwa kwenye banda la kuonyesha mpira, Senegal na Misri wanapigiana penalti kule Diamniadio. Mohamed Salah aliposimama kupiga, uso wake wote ulikuwa wa kijani. Watu bandani walicheka, wengine walikasirika kwa ajili ya mchezo. Mimi sikuona mpira umekwenda wapi, nilikuwa nikitazama macho yake. Baadaye FIFA iliwatoza Wasenegali faranga 175,000 za Uswisi kwa makosa kadhaa ya siku ile, leza zikiwamo. Kesho yake baada ya mechi niliingia darasani na maputo mawili.

Jaribio lile nalifanya kila mwaka. Nina miwani 30 za wanafunzi, nimezikusanya kwa miaka, nyingine kwa mshahara wangu. Wanafunzi 31 wakija, mmoja anakaa nje mpaka mwenzake atoke. Wapo walimu wenzangu wanaoona nazidisha.

Desemba 2022 nilikwenda Mombasa kumtembelea mwenzangu. Sasa ana nyumba Likoni na watoto watatu. Baada ya isha tulitandika mkeka uani, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na nyota zimejaa. Nilikuwa na leza ndogo ya kijani ninayotumia kuwaonyesha wanafunzi nyota, nimeipima mwenyewe, haifiki miliwati 5. Nikawaonyesha watoto Kilimia, nikawaeleza kwamba wakulima wa zamani waliitumia kujua wakati wa kulima. Mtoto wa kiume, wa miaka saba au minane, akasogea.

“Ami, nipe na mie.”

Sikujibu. Baba yake alinyosha mkono, nikampa. Alifungua kitako chake gizani kwa kupapasa, akatoa betri zote mbili, akazitia mfukoni mwa kanzu, kisha akampa mwanawe kile kibomba kitupu.

“Haya,” akamwambia, “niambie ziko ngapi.”

Mtoto alikinyosha angani, akahesabu kwa sauti. Baba yake aliinamisha kichwa kushoto, kidogo, kama anavyofanya, akahesabu naye mpaka sita.